Mukwa, Maji na Shingo za Wazee wa Ukambani

Historia ya maumivu ya shingo miongoni mwa wanawake wazee wa Kitui na Makueni haitenganishiki na historia ya maji, kwa kuwa mito kama Tiva, Nzeeu, Thwake na Kaiti hukauka sehemu kubwa ya mwaka, na kwa vizazi vingi wanawake wamefukua mchanga wake, wakateka maji na kuyabeba mgongoni kwa mukwa, yaani ukanda unaopitishwa juu ya paji la uso ili kichwa na shingo vihimili uzito. Kibuyu kilipopisha mtungi wa plastiki wa lita 20, mzigo ukawa kilo 20 na zaidi, nao ukanda ukabaki uleule.

Mwaka 1986 mtafiti Maloiy na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba wanawake Waluo, wabebao kichwani, na Wakikuyu, wabebao kwa ukanda, waliweza kuchukua hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi. Matokeo hayo yalistahili sifa yaliyopata, lakini yalipima pumzi, hayakupima mifupa. Spondilosisi ya shingo, yaani kuchakaa kwa pingili na diski laini zilizo kati yake, ambazo hupoteza maji na kusinyaa kadiri umri unavyosonga, humpata hata asiyebeba kitu. Mukwa huongeza mkazo juu ya uchakavu huo.

Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, hairudishi diski iliyosinyaa, ila huimarisha misuli ya ndani ya shingo na ya mabega, hulegeza viungo vilivyokakamaa, na humtambua mapema mgonjwa ambaye ganzi ya mikono au kuyumba kwa miguu kunaashiria kubanwa kwa uti wa mgongo, hali inayohitaji daktari bila kuchelewa. Ushauri wake wa kupunguza mizigo, hata hivyo, hautekelezeki pale kisima kilipo mbali, na kwa sababu hiyo mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazojengwa mitoni ili mchanga uhifadhi maji, yanastahili kuhesabiwa katika historia ya tiba hii. Shirika la SASOL, lililoanzishwa Kitui mwaka 1990, lililenga kuyaleta maji kwa mabwawa hayo ndani ya kilomita 2 kutoka nyumbani, na wanawake wenyewe, katika vikundi vya mwethya, yaani kazi ya ushirika, ndio waliobeba sehemu kubwa ya mawe na mchanga wa ujenzi. Waliozaliwa miaka ya 1950 walikuwa wamekwisha kubeba maji tangu utotoni kabla ya kuta hizo kujengwa, na ndio wazee wanaohitaji tiba hiyo sasa.