Ndege za Vita vya Zamani na Watu Waliokuwa Chini Yake

Wako watu wengi katika Ulaya, Marekani na Afrika ya Kusini wapendao ndege za vita vya zamani kama Mgogo apendavyo ng'ombe zake. Huyatafuta mabaki yaliyolala porini au yaliyozama majini, wakayatengeneza miaka kumi na zaidi, hata ndege ikaruka tena. Siku ya kuirusha hukusanyika watu maelfu pamoja na watoto wao, wakainua macho na kutega masikio, maana hata mlio wa injini wanaujua, na wako wanaotokwa na machozi wausikiapo. Huko Uingereza jeshi lenyewe lilianzisha kikosi mwaka wa 1957 kwa ajili ya kazi hiyo, kuzitunza na kuzirusha ndege za namna ya Spitfire na Hurricane zilizosalia. Spitfire zilizotengenezwa zilipita 20,000, na Hurricane zilipita 14,000. Leo ziwezazo kuruka ni chache. Na ndege iliyozitangulia, iitwayo Gladiator, yenye mabawa mawili yaliyopandana, zilizosalia kuruka hazizidi vidole vya mkono mmoja.

Hatuwacheki watu hao. Kitu kilichotengenezwa kwa akili na kwa mikono ya mafundi hodari chastahili kutunzwa, na mtu aliyemwona nduguye akipanda angani asirudi tena ana haki ya kulia. Lakini twaona kwamba habari za ndege hizi husimuliwa karibu sikuzote na yeye aliyekaa juu, na sisi tukaao katika nchi ya Dodoma, Kondoa na Mpwapwa tunayo haki ya kuzisimulia pia kwa upande wa chini. Mathalan, nani alizinunua? Katika vita vya pili Spitfire moja ilihesabiwa kuwa paundi 5,000, na watu wa makoloni waliombwa kuchanga. Wasotho wa Basutoland walichanga hata kikosi cha 72 cha jeshi la anga kikaitwa kwa jina la nchi yao. Na kikosi cha 249 kiliitwa Gold Coast, kwa ajili ya fedha zilizotoka katika nchi ambayo leo ni Ghana. Basi Spitfire nyingine ambazo watu huzishangilia huko zilinunuliwa kwa fedha zilizotoka Afrika.

Turudi nyuma. Katika nchi hii ndege ya kwanza haikuja kwa vita. Mwaka wa 1914 Wajerumani walikuwa wakingojea sherehe kubwa katika Dar es Salaam, kwa kuwa reli iliyokuwa imepita Dodoma tangu 1910 ilikuwa imefika Kigoma. Bwana mmoja, Bruno Büchner, alileta ndege yake ili watu waitazame katika maonyesho ya mwezi wa Agosti. Mwezi ule ule vita vikatokea, na ndege ya maonyesho ikatwaliwa na jeshi.

Mwaka uliofuata Waingereza walileta ndege zao kwenye mdomo wa Rufiji, kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya mikoko. Ndege hizo zilikuwa mbao, nyaya na kitambaa. Joto la pwani liliyeyusha gundi, na mapanga ya mbele yakapindika, hata za kwanza hazikufaa kitu. Kisha zikaletwa nyingine. Tarehe 11 Julai, 1915, marubani wawili, Cull na Arnold, walizunguka juu yake wakiwapelekea wenye mizinga habari ya kila risasi ilipoangukia. Injini yao ikapigwa. Walipokuwa wakishuka bila nguvu, Arnold hakuacha kupeleka habari zake hata wakaanguka mtoni, na mizinga ikaendelea kuipiga manowari kwa hesabu aliyoipeleka. Wote wawili waliokolewa. Twakiri kwamba huo ni ushujaa.

Januari 1916 kikafika Mombasa kikosi cha 26, na wengi wa watu wake walikuwa wa Afrika ya Kusini. Kikafuatana na jeshi la Jenerali Smuts kutoka upande wa Kilimanjaro, huku Jenerali van Deventer akiingia Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, na Dodoma tarehe 29 Julai. Nchi za juu hazikuwa rafiki kwa ndege za siku zile. Dodoma iko yapata mita 1,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kama sehemu moja katika kumi. Tena jua la mchana huzidi kuifanya nyepesi. Injini hula hewa kama moto wa mhunzi ulavyo pumzi ya mivukuto: ukipunguza pumzi, moto hulegea. Tena bawa hutegemea hewa hiyo hiyo kubebwa. Kwa hiyo ndege iliyoruka vizuri pwani ilihitaji huku uwanja mrefu zaidi, nayo ilipanda polepole mno.

Na petroli je? Ilifika katika madebe. Palipokwisha reli na barabara, vitu vya jeshi vilikwenda kwa magari yaliyokwama matopeni, kwa ng'ombe waliokufa kwa mbung'o, na mwisho kwa vichwa vya watu. Hapo ndipo sisi wa Ugogo tunapoingia katika habari hii, nasi twaona ya kuwa ndipo penye uzito wake. Majeshi yote mawili yalipita katika nchi yetu, la Wajerumani kwanza na la Waingereza baadaye, na kila moja lilichukua nafaka, likachukua ng'ombe, likachukua vijana wenye nguvu wawe wapagazi. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba ghalani, wala mifugo ya kuuza, wala mikono ya kulima. Njaa iliyofuata, tangu 1917 hata 1920, wazee waliiita Mtunya. Ilikadiriwa kwamba katika watu wapata 150,000 wa Ugogo walikufa 30,000. Na wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, hata kwa hesabu ya serikali yenyewe, walipita 40,000, na wachunguzi husema walikuwa wengi zaidi. Mwaka wa 2021 tume ya Uingereza itunzayo makaburi ya vita ilikubali wazi kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika vita vile hawakuandikwa majina yao popote. Marubani wa kikosi cha 26 majina yao yanajulikana, pamoja na siku waliyoanguka na namna ya ndege waliyorusha.

Vita vilipokwisha watu walitaka ndege za vita zifanye kazi ya amani, na hapo wengine wetu hukumbuka maneno ya Isaya juu ya panga na majembe. Kwanza majembe yalihitajika kwa maana yake halisi. Kwa njia ya anga ya kutoka Misri hata Afrika ya Kusini vilitakiwa viwanja, na viwanja havikutoka mbinguni. Huko Ndola, katika Zambia ya leo, watu 700 walifanya kazi tangu Aprili hata Agosti 1919, wakaondoa vichuguu ambavyo udongo wake ulihesabiwa kuwa tani 25,000. Asomaye haya akiwa hapa Dodoma ajua kichuguu ni kitu gani, jinsi udongo wake ulivyo mgumu wakati wa kiangazi, na jinsi mchwa wanavyorudi. Mwaka wa 1920 ikaja ndege kubwa iitwayo Vimy, ya namna iliyobuniwa kwanza kwa kutupia Wajerumani mabomu. Ikafika Tabora salama, na tarehe 27 Februari, ilipojaribu kuondoka, ikaanguka ikavunjika. Lakini hakuna aliyekufa. Safari yake ikaishia pale Unyamwezini.

Miaka kumi na miwili baadaye, Januari 1932, kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua kutoka London hata Cape Town, kwa safari ya siku 11, na ndege zake zilitua Nairobi, kisha Moshi, kisha Dodoma, kisha Mbeya. Marubani wake wengi walikuwa wamejifunza kazi yao vitani. Kwa miaka michache mji wetu ulikuwa kituo cha njia kubwa ya ulimwengu. Mwaka wa 1937 kampuni ikachukua ndege zitualo majini, nazo zikafuata Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Dodoma haina ziwa la kutosha kwa kazi hiyo, basi barua za London zikatuacha.

Sasa twafika kwa mtu ambaye kumbukumbu zake za kuruka zimesomwa na wengi kuliko za mwingine yeyote aliyetoka nchi hii kwenda vitani angani. Bwana Roald Dahl, ambaye baadaye alijulikana kwa hadithi zake za watoto, alifika Dar es Salaam mwaka wa 1938 kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Novemba 1939 alikwenda Nairobi kujiandikisha katika jeshi la anga. Alikuwa mrefu futi 6 na inchi 6, hata katika ndege ndogo ya kujifunzia, Tiger Moth, kichwa chake kilitokea juu ya kioo cha kukingia upepo. Baada ya saa 7 na dakika 40 za kufundishwa aliruka peke yake, na furaha yake ya kuwatazama wanyama wa Kenya kutoka juu aliiandika vizuri sana katika kitabu chake cha 1986. Aliandika pia kwamba katika vijana 16 waliojifunza pamoja, 13 walikufa katika vita.

Yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Tarehe 19 Septemba, 1940, alipewa Gladiator, namna ya ndege asiyoizoea, aipeleke kwa kikosi cha 80 katika jangwa la magharibi ya Misri. Mahali alipoelekezwa hapakuwa na kikosi. Jua likichwa na petroli ikipungua alijaribu kutua jangwani, ndege ikagonga, ikawaka moto. Fuvu lake likapasuka, na kwa muda hakuona kwa macho. Uchunguzi wa jeshi ulionyesha kwamba alielekezwa vibaya. Lakini maandishi yake ya kwanza yalipochapishwa katika gazeti la Marekani mwaka wa 1942, yalipewa kichwa kisemacho kwamba alitunguliwa juu ya Libya. Hakutunguliwa na adui yeyote. Twalitaja jambo hili bila kumdharau, maana Aprili 1941 alipigana kweli juu ya Uyunani katika Hurricane, na tarehe 20 alikuwamo katika vita vya Athene, siku aliyouawa Pat Pattle wa Afrika ya Kusini, aliyesifiwa kuliko marubani wote wa huko. Ila imetupasa sisi wafundishao watoto historia kuona jinsi kumbukumbu inavyovishwa nguo hata mwenyewe angali hai.

Kisa kingine hakihitaji kuvishwa nguo. Tarehe 15 Machi, 1941, rubani Frost wa Afrika ya Kusini alipigwa juu ya kiwanja cha Wataliani, Diredawa, katika Uhabeshi, akalazimika kutua pale pale. Mwenziwe Kershaw, alipoona hayo, alishusha Hurricane yake kando yake. Ndege ile ina kiti kimoja tu. Frost akakaa juu ya mapaja ya Kershaw, akashika usukani na kukanyaga vya miguuni, na Kershaw akashika vya kuinulia magurudumu, wakaondoka huku wakipigwa risasi. Mwaka uliofuata Frost aliruka Libya asirudi, wala mwili wake haukuonekana.

Katika vita hivyo vya Uhabeshi askari wa King's African Rifles walikwenda kwa miguu na kwa malori. Waliokuwa Wajir walitupiwa mabomu na Wataliani mara vita vilipoanza mwezi wa Juni 1940, na hata Malindi ilitupiwa Oktoba. Mtu aliyelala kifudifudi shimoni huijua ndege kwa namna nyingine kabisa: huujua mlio wake kabla ya kuiona, na hujifunza upesi upi ni mlio wa wenziwe na upi wa adui. Addis Ababa ilipotwaliwa, Aprili 1941, askari wa kikosi cha sita, cha Tanganyika, walikuwamo katika brigedi iliyofika huko.

Kisha wengine wakapelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake mlikuwa na vikosi vya Tanganyika vya 26 na 36, ilishuka bonde la Kabaw katika masika ya 1944, bonde lenye malaria na matope yaliyomeza malori. Chakula kilitoka juu. Ndege ziitwazo Dakota zilipita chini chini juu ya miti, zikaangusha magunia, mengine kwa miavuli na mengine bila, na ndege za vita zikatangulia kuyapiga mahandaki ya Wajapani. Mawingu yakifunga bonde, watu walilala na njaa wakisikiliza mlio usiokuja. Tarehe 2 Desemba waliingia Kalewa, na siku chache baadaye likawekwa juu ya mto Chindwin daraja la chuma la futi 1,154, refu kuliko madaraja yote ya namna yake ya wakati ule.

Kila rubani aliyewapitia juu alikuwa na daftari yake, aandikamo kila safari, saa alizoruka na namna ya ndege, na madaftari hayo leo hununuliwa kwa fedha nyingi na wale wapendao ndege za zamani. Askari wa Kabaw walirudishwa India kupumzika, kisha wakarudi kwao, wengine kwa reli hii ya kati, wakashuka Dodoma, Kikombo na Kilosa, kila mmoja na cheti chake cha kuachishwa kazi.