Kodi ya Nyumba na Darasa la Mtoto

Katika mikutano ya kijiji chetu cha Sitalike, neno la fedha za shule likitajwa, watu hugawanyika mara moja pande mbili. Wa upande mmoja husema, "Watoto ni wetu, na darasa halijengwi kwa maneno; na tuchange." Wa upande wa pili hujibu, "Kodi tumekwisha kulipa, na shule ni ya Serikali. Kwa nini mtu alipe mara mbili?" Kisha huinuka mzee mmoja na kusema, "Mimi nimelipa kodi tangu ujana wangu, wala sijaona hata tofali moja lililotoka katika shilingi yangu." Hapo watu hunyamaza, maana neno hilo lina uzito.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu hana budi kutaka madarasa yaongezeke. Lakini sitaki kumlaumu mzee yule kabla ya kumsikiliza. Nimeona vema, ndugu wasomaji, tutazame nyuma kidogo, tujue kodi ya nyumba ilianzaje katika nchi hii, na shule ilipataje fungu lake. Mabishano haya si ya jana; yana umri wa zaidi ya miaka mia moja. Na kila tutakapofika, tuulize maswali matatu: Ni nani aliyeikata kodi hii? Fedha zake zilikwenda wapi? Na maskini alihesabiwaje?

Sheria ya kwanza ya kodi ya nyumba ilitolewa na Wadachi, yaani Wajerumani, mwaka 1897, ikaanza kutumika mwaka 1898. Huko mashamba kila nyumba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Hapo mwanzo asiyekuwa na rupia aliweza kuleta mazao, au kulipa kwa kazi ya mikono yake. Nia ya Serikali ile haikuwa kupata fedha tu. Ilitaka pia watu watoke vijijini mwao wakatafute kazi ya mshahara. Wenye nyumba hawakuulizwa shauri. Akida alikuja na askari, akahesabu mapaa, akadai. Mwenye ng'ombe wengi na mwenye jembe moja walitozwa sawasawa, kwa kuwa kilichohesabiwa ni paa, si mali iliyo chini yake. Basi watu wa sehemu nyingi wakajifunza kukaa wengi katika nyumba moja, ili mapaa yapungue.

Mwezi wa Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika nchi ya Umatumbi. Kodi haikuwa sababu pekee, kwani kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba iliwachoma watu zaidi; lakini kodi ilikuwamo katika mzigo ule uliowashinda kuubeba.

Je, shule zilipata nini? Sehemu ya kodi iliachiwa wilaya kwa muda, ikatumika kwa barabara na kwa shule za Serikali kama ile ya Tanga. Huku kwetu upande wa magharibi, watoto walijifunza kusoma kwa njia nyingine. Mwaka 1885 ngome ya Wabelgiji iliyokuwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikabidhiwa Mapadre Weupe, na kutoka huko mafundisho yakaenea polepole katika nchi. Kwa hiyo babu zetu waliona kodi ikienda upande mmoja na shule ikija kutoka upande mwingine. Tusishangae basi kwamba hata leo mambo hayo mawili hayajakutana vizuri katika mioyo ya watu.

Waingereza walipokwisha kushika nchi, walitoa sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Mwenye nyumba alilipia nyumba. Mwanamume mzima asiye na nyumba alilipia kichwa chake. Mwaka 1925 alikuja Gavana Donald Cameron, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuwapa watemi na mabaraza yao madaraka ya kutawala chini ya Serikali. Ada ambazo watu walikuwa wakimpa mtemi kwa mazao na kwa kazi zikageuzwa kuwa fedha, zikatiwa ndani ya kodi. Sehemu ya kodi ikarudishwa katika hazina za wenyeji. Kutoka hazina hizo walilipwa watemi, makarani na watu wa mahakama. Kilichosalia kilikwenda kwa zahanati, barabara na shule.

Hapa tunaona hatua moja mbele: fedha ilianza kurudi karibu na mlipaji. Lakini shule ilikaa nyuma ya mishahara, na kilichobaki mara nyingi kilikuwa kidogo. Tena, mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1925, na sheria ya mwaka 1927, viliweka utaratibu wa kuzisaidia shule za misheni kwa fedha za Serikali. Ila msaada uliwafikia wale tu wenye walimu waliohitimu na kazi iliyokaguliwa. Shule ndogo za porini, zenye mwalimu mmoja na ubao mmoja chini ya mti, hazikupata kitu. Nchi zilizokuwa na shule nzuri zikapata shule nzuri zaidi. Nchi zilizokuwa nyuma zikaendelea kujichangia. Wilaya za mbali kama hizi zetu zajua maana ya jambo hilo.

Sasa na tuwatazame jirani zetu wa Kenya, maana huko swali letu lilijadiliwa waziwazi. Mwaka 1924 sheria iliruhusu yaundwe Mabaraza ya Wenyeji, Bwana Shauri akiwa mwenyekiti. Mabaraza hayo yalipewa ruhusa ya kukata kodi ndogo ya mahali, juu ya ile ya Serikali. Mtu angedhani kwamba watu walioelemewa na kodi ya nyumba wangekataa kabisa nyongeza. Haikuwa hivyo. Katika nchi ya Wakikuyu na katika Kavirondo wajumbe walikubali kujikatia fedha kwa ajili ya shule.

Kilichobishaniwa sana hakikuwa kulipa au kutokulipa, bali ni nani atakayeishika shule. Wengine walisema misheni zina walimu na majengo tayari, heri wapewe wao. Wengine walijibu, "Fedha ni zetu, na tujenge shule itakayokuwa yetu, itakayowafikisha vijana wetu katika elimu ya juu." Serikali ilisitasita. Mwishowe, mwanzoni mwa miaka ya 1930, shule za Serikali zilifunguliwa Kakamega na Kagumo. Na baada ya ugomvi wa mwaka 1929 kati ya misheni na sehemu ya Wakikuyu, wengi wao walijenga shule zao wenyewe kwa michango yao, hata mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri.

Fundisho ni nini? Mtu yule yule aliyenung'unikia kodi aliyokatiwa, alitoa kwa moyo kodi aliyojikatia. Mfuko wake haukuwa umeongezeka. Kilichobadilika ni kwamba aliulizwa, na alijua fedha inakwenda wapi.

Turudi kwetu. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, shule za msingi zilikuwa mzigo wa halmashauri za wilaya. Halmashauri zilijenga kwa bidii, kupita kiasi cha mifuko yao. Mwaka 1969 Serikali iliifuta kodi ya mahali pamoja na ushuru wa mazao, na watu wa mashamba wakafurahi. Lakini halmashauri zikabaki mikono mitupu, na mwaka 1972 zikaondolewa. Toka hapo Serikali Kuu ikaubeba mzigo. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto wa umri wa shule awe ameingia darasani ifikapo mwaka 1977. Madarasa mengi ya wakati ule yalijengwa kwa nguvu za wanakijiji wenyewe, kwa matofali yao na maji waliyoyabeba kichwani. Hiyo nayo ilikuwa kodi, ijapokuwa haikuandikwa katika stakabadhi.

Miaka ya 1980 uchumi ulianguka. Halmashauri zilirudishwa, na pamoja nazo ikaja kodi ya maendeleo. Wakubwa kwa umri wanakumbuka jinsi mgambo walivyosimama njiani na magulioni wakidai stakabadhi, na jinsi wanaume walivyokimbilia porini. Kodi ya namna hiyo hata ingejenga shule mia, mtu aliyeilipa akikimbizwa hawezi kuiita yake. Ada ya shule nayo ilirudi, na watoto wakapungua madarasani.

Halafu mambo yakageuka tena. Ada ya shule za msingi ilifutwa katika mwaka 2001, na kodi ya maendeleo ikafutwa mwaka 2003. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa karibu milioni 4.4 mwaka 2000, walizidi milioni 7 mwaka 2004. Tangu Januari 2016 elimu bila ada imefika kidato cha nne, na tangu 2022 imefika kidato cha sita. Hii ni neema, wala asiwepo wa kuidharau. Lakini hesabu ni hesabu. Ruzuku ya shule ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye watoto 600 hupata kwa hesabu hiyo shilingi 6,000,000. Katika madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini miaka ya 2021 na 2022, darasa moja lilikadiriwa kwa shilingi 20,000,000. Ruzuku ya mwaka mzima, hata kama isingenunua chaki wala karatasi, isingetosha theluthi moja ya darasa.

Wala kodi ya nyumba haikufa. Tangu 2021, katika maeneo yanayotozwa, kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Ni njia rahisi, haina mgambo wala mbio. Lakini wasomaji wataona kwamba, kama siku za rupia 3, nyumba ya kawaida ya tajiri na ya maskini hutozwa sawa. Na mlipaji akitazama karatasi yake haoni shilingi ile imekwenda darasa gani.

Huenda mtu akasema, "Basi kila mahali pajikatie kodi ya nyumba, pajenge shule zake." Neno hili ni zuri, lakini lina hatari. Marekani wamelifuata tangu zamani; tangu mwaka 1647 sheria ya Massachusetts iliutaka kila mji wenye nyumba 50 umweke mwalimu wa kusoma na kuandika. Hata sasa shule zao hutegemea sana kodi ya majengo ya mahali. Matokeo yake ni kwamba penye majumba ya thamani shule hushiba, na penye vibanda hukaa na njaa. Katika mji wa San Antonio, Texas, wazazi wa mtaa maskini walikwenda mahakamani kwa sababu walijitoza kodi ya kiwango kikubwa kuliko jirani zao matajiri, na bado wakapata fedha kidogo zaidi. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi yao, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema Katiba haikuvunjwa. Sitalike nasi tufikiri. Sisi tuko mlangoni pa Hifadhi ya Katavi, tuna mto Katuma na viboko wake, lakini hatuna majumba ya ghorofa ya kutozwa. Tukiachwa na mapaa yetu peke yake, watoto wetu watasoma kwa kadiri ya umaskini wetu.

Kwa hiyo naona pande zote mbili za mkutano wetu zina haki nusu nusu. Asemaye "Serikali ijenge" ana haki, kwa kuwa kijiji maskini hakiwezi kulinganishwa na mji, na mfuko mkubwa wa nchi ndio unaosawazisha. Asemaye "na tuchange" ana haki, kwa kuwa kile watu walichojikatia wenyewe hukilinda. Ila kila mmoja amtimizie mwenziwe sharti lake. Mchango ukatwe katika mkutano mkuu wa kijiji, si nyumbani kwa mtu. Na ukitaka kuwa na nguvu ya sheria, uandikwe kuwa sheria ndogo na kupelekwa halmashauri ikubali. Asiye nacho apewe nafasi ya kutoa kazi, au asamehewe, wala mtoto wake asirudishwe nyumbani kwa ajili ya deni la baba. Na kila miezi mitatu, mkutano unapokaa, hesabu isomwe kwa sauti: zimeingia kiasi hiki, zimetoka kiasi hiki, na matofali ndiyo haya.

Mzee wetu hakukataa shule. Alisema tu kwamba hajaliona tofali lake. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Lakini mwenye kutia haba yake ana haki ya kufunuliwa kibaba akaone. Siku mzee yule atakapoitwa, akashikwa mkono na kupelekwa hata ukutani, akaambiwa, "Baba, shilingi yako i hapa," nadhani mkutano utakaofuata utakuwa mfupi.