Fomu ya Fukara: Pensheni za Majimbo kwa Askari wa Shirikisho la Kusini na Mipaka Yake kama Ushahidi wa Historia

Ikisiri

Maombi ya pensheni yaliyojazwa na wazee waliopigania Shirikisho la Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) hutumiwa mara nyingi kama ushuhuda wa vita hivyo. Makala haya yanapinga matumizi hayo. Kwa kuchunguza maswali ya fomu zenyewe, hasa za Tennessee, Texas, Georgia na Mississippi, yanadai kwamba ombi la pensheni ni ushahidi wa umaskini, uzee na siasa za mwaka lilipojazwa. Kuhusu mambo ya vitani, ni ushahidi dhaifu unaohitaji kuthibitishwa na nyaraka nyingine.

1.0 Utangulizi

Walter Williams alipofariki mjini Houston, Texas, mnamo Desemba 1959, Rais Eisenhower alitangaza maombolezo ya kitaifa. Taifa liliamini kwamba limempoteza askari wa mwisho wa vita vya 1861–1865. Mzee huyo alidai kwamba alizaliwa mwaka 1842, na kwa miaka mingi alikuwa akipokea pensheni ya jimbo la Texas kama mpiganaji wa Kusini. Lakini sensa ya 1860 inamtaja huko Mississippi akiwa mtoto wa miaka mitano. Vita vilipokwisha, hakuwa amefikisha hata miaka 12.

Wengi huliona suala hili kama udanganyifu wa mtu mmoja. William Marvel, aliyechunguza madai ya wale walioitwa askari wa mwisho, alionesha kwamba Williams hakuwa peke yake. Swali langu ni tofauti: ilikuwaje utaratibu wa serikali, wenye viapo, mashahidi na mahakimu, ukampitisha mtu wa namna hiyo? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba utaratibu ule haukuundwa kwa lengo la kuthibitisha historia ya vita. Uliundwa ili kumpima fukara. Williams aliomba mwaka 1932, katikati ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, na kwa kipimo cha ufukara hakuwa tapeli hata kidogo.

2.0 Usuli wa pensheni hizi

Serikali ya shirikisho mjini Washington iliwalipa pensheni askari wa Muungano (upande wa Kaskazini) tu. Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1868, yalipiga marufuku kulipa deni lolote lililotokana na kuunga mkono uasi. Hivyo askari wa Kusini waliachiwa majimbo yao, nayo majimbo hayo yalikuwa yamefilisika. Msaada wa kwanza ulikuwa viungo bandia: wanahistoria hutaja kwamba mwaka 1866 Mississippi ilitumia takriban sehemu moja ya tano ya mapato yake kununua miguu na mikono bandia.

Pensheni zenyewe zilifuata baadaye: North Carolina mwaka 1885, South Carolina 1887, Virginia na Mississippi 1888, Tennessee, Alabama na Arkansas 1891, Louisiana 1898, Texas 1899. Tarehe hizi zina uzito. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 20 au 30 iliyopita, na kijana wa miaka 20 wa mwaka 1862 alikuwa anakaribia uzee.

Pengo kati ya pande mbili lilikuwa kubwa. Sheria ya Georgia ya 1894 ilimpa askari fukara dola 60 kwa mwaka. Kwa sheria ya shirikisho ya 1907, mkongwe wa Muungano aliyefikisha miaka 75 alipata dola 20 kwa mwezi, yaani 240 kwa mwaka, na hakutakiwa kuthibitisha kwamba ni maskini. Umri na utumishi wake vilitosha.

3.0 Mjadala uliopo

Kwamba pensheni za Kusini zilikuwa ndogo na zilichelewa, hakuna anayebisha. William Glasson alikwisha kuandika habari zake mwaka 1907. Ubishi unaanza tunapouliza pensheni hizi zilikuwa kitu gani.

Theda Skocpol, katika kitabu chake cha 1992, aliona kwamba pensheni za askari wa Muungano zilikuwa mwanzo wa hifadhi ya jamii nchini Marekani, na kwamba Kusini iliachwa nje. Elna Green alimjibu kwa mfano wa Florida, naye Kathleen Gorman kwa mfano wa Georgia, kwamba Kusini nayo ilikuwa na hifadhi yake. Nakubaliana na Green na Gorman dhidi ya Skocpol, lakini nao wanaishia njiani. Wakishathibitisha kwamba pensheni ilikuwa hifadhi ya jamii, hawasisitizi vya kutosha jinsi hifadhi hiyo ilivyozaa nyaraka za aina ya pekee, ambazo baadaye ziligeuzwa kuwa chanzo cha historia.

Siwezi kukubaliana kabisa na kundi la pili: waandishi wa historia za familia, vyama vya kumbukumbu za Kusini, na baadhi ya watafiti wanaolisoma ombi la pensheni kana kwamba mzee aliitwa kusimulia aliyoyaona. Hakuitwa kusimulia. Alikuwa anaomba chakula.

4.0 Fomu inauliza nini?

Tuisome fomu ya Tennessee kwa mpangilio wake. Mwombaji anaanza kwa kuulizwa mahali na mwaka wa kuzaliwa, lini alijiunga na kikosi gani, na mapigano aliyoshiriki. Kisha anaulizwa juu ya jeraha: lilikuwa la namna gani, lilimlemaza kiasi gani, na daktari gani alimhudumia. Halafu anaulizwa alitokaje jeshini, lini na wapi. Kama aliwahi kuwa mfungwa. Na kama alikula kiapo cha utii kwa serikali ya Marekani.

Hapo fomu inaviacha vita na kuingia nyumbani kwake. Ana mke? Ana watoto wangapi, nao wanafanya kazi gani? Ana mali gani, na thamani yake halisi kwa fedha taslimu ni kiasi gani? Mke wake je, ana mali yake mwenyewe? Mapato yao wote wawili mwaka uliopita yalikuwa kiasi gani? Amekuwa akiishi kwa njia gani? Na je, anatumia kileo kwa kiwango chochote?

Swali hilo la mwisho linatufunulia mengi. Kileo cha mwaka 1900 hakina uhusiano na utumishi wa mwaka 1863. Kinachopimwa ni mwenendo wa mzee wa leo, kama ni fukara mwema anayestahili huruma au ni mlevi aliyejiletea umaskini mwenyewe. Georgia ilikuwa wazi zaidi. Sheria yake ya 1894 ilimtaka mwombaji aseme kama msingi wa ombi lake ni uzee na umaskini, ugonjwa na umaskini, au upofu na umaskini. Katika misingi yote mitatu umaskini haukosekani. Texas nayo ilimuuliza mwombaji kama amewahi kumhamishia mtu mwingine mali yoyote ili apate kustahili pensheni. Mtunga sheria alikwisha kumshuku mzee kabla hajashika kalamu.

Jambo jingine linaondoa kabisa dhana kwamba pensheni ilikuwa ujira wa utumishi. Jimbo lilimlipa mkazi wake, hata kama alipigana katika rejimenti ya jimbo jingine. Texas ilidai awe ameishi humo tangu Januari 1, 1880. Mtu aliyejeruhiwa akiwa askari wa Georgia, kisha akahamia Texas kulima pamba, aliiomba Texas, ambayo hakuwahi kuitumikia. Kama pensheni ingekuwa malipo ya deni la vita, mdaiwa angekuwa Georgia.

Sasa turudi kwenye swali la kutoka jeshini, kwa sababu ndipo penye hatari kubwa kwa mtafiti. Sheria ziliwanyima pensheni watoro, na kiapo cha utii kilicholiwa kabla ya vita kwisha kilimtia mwombaji mashakani. Lakini tangu Desemba 1863 Rais Lincoln alikuwa ametangaza msamaha kwa waasi wanaokula kiapo, na Tennessee, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Muungano, ilikuwa na watu wengi waliorudi nyumbani kabla ya mwisho. Miaka 40 baadaye mtu huyo ni mzee, shamba limekwenda, na swali liko mezani. Akisema aliondoka jeshini kwa hiari yake, anakosa pensheni. Akisema alikuwa likizo, au alikuwa mgonjwa nyumbani, au alizingirwa na adui akashindwa kurudi kikosini, ana nafasi. Majibu haya yanajirudia katika maombi mengi. Huenda mengi ni ya kweli, maana jeshi la Kusini lilisambaratika vibaya. Ila fomu ilifanya jibu moja liwe la faida na jingine liwe la hasara, na mtafiti anayehesabu majibu hayo ili kukadiria utoro anahesabu athari za fomu.

5.0 Waombaji Weusi

Kosa la kusoma maombi haya kama ushuhuda wa vita limeleta madhara makubwa zaidi katika suala la Wamarekani Weusi. Wapo wanaodai kwamba maelfu ya Weusi walikuwa askari wa Kusini kwa hiari yao, nao huleta maombi ya pensheni kama ushahidi. Kevin Levin, katika kitabu chake cha 2019, amelijibu dai hili kwa kina, nami naongeza hoja ya fomu.

Mississippi iliwaruhusu watumishi Weusi kuomba tangu 1888. Tennessee ilifanya hivyo mwaka 1921, South Carolina 1923, Virginia 1924, North Carolina 1927. Walikuwa na fomu yao ya pekee. Ile ya Mississippi ilikuwa ya watumishi fukara wa askari na mabaharia wa Kusini, na ilimtaka mwombaji ataje jina la mtu aliyemtumikia. Sheria ilimtambua kama mtumwa aliyefuatana na bwana wake kumpikia na kumfulia. Shirikisho lenyewe halikuruhusu kuandikisha askari Weusi hadi Machi 1865, wiki chache kabla ya kusalimu amri.

Tukumbuke pia siasa za wakati huo. Mississippi iliwanyang'anya Weusi haki ya kura kwa katiba ya 1890, South Carolina 1895, na Louisiana 1898, mwaka uleule ilipoanzisha pensheni. Mzee Mweusi aliyeomba katika miaka ya 1920 hakuwa na kura, na kauli ya wazungu wa kaunti yake ilikuwa na uzito katika ombi lake. Hakuwa na njia ya kupata fedha hizo ila kujieleza kama mtumishi mwaminifu. Kuuita unyonge huo uaminifu kwa Shirikisho ni kumdhulumu mara ya pili.

6.0 Pingamizi

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wanaotetea maombi haya wana hoja moja nzito. Majimbo hayakutegemea kauli ya mwombaji peke yake. Yalidai viapo vya mashahidi waliotumikia naye, na yaliandikia Wizara ya Vita mjini Washington, ambayo ilihifadhi kumbukumbu za jeshi la Kusini zilizotekwa na ambayo, kuanzia 1903 chini ya Fred Ainsworth, ilizipanga upya kwa kila askari. Hivyo mzee aliyepigana na serikali ya Washington alihitaji barua kutoka Washington ili athibitishwe kwamba alipigana nayo.

Naikubali hoja hii mpaka kiwango fulani. Barua hizo zinathibitisha jina, kikosi na tarehe ya kujiandikisha, na kwa mambo hayo zinaaminika kuliko kumbukumbu ya mzee. Lakini mara nyingi ziliishia kwenye orodha ya mwisho iliyosalimika, kwa sababu kumbukumbu za miezi ya mwisho ya vita zilikuwa chache mno. Ziliwathibitisha wengi kwamba waliingia jeshini, zikanyamaza kuhusu walivyotoka. Nao mashahidi walizeeka na kufa pamoja na waombaji. Kadiri miaka ilivyosonga ndivyo ushahidi ulivyopungua, na majimbo, badala ya kukaza masharti, yaliyalegeza. Kwa hiyo maombi ya 1932 hayawezi kusomwa kwa imani ileile kama ya 1891.

7.0 Hitimisho

Sisemi kwamba wazee hawa walikuwa waongo. Wengi walipigana kweli, walilemaa kweli, na waliishia kutaja mbele ya karani thamani ya ng'ombe wao mmoja. Ninachosema ni kwamba serikali iliyowahoji ilitaka kujua hali zao na utii wao, na majibu yalilingana na maswali. Ingawa ushahidi nilioujadili unatoka katika majimbo machache, naamini hoja hii inahusu Kusini nzima.

Yapo mambo matatu ambayo mtafiti anapaswa kuyafanya. Asome tarehe ya ombi kabla ya tarehe za vita. Asome swali kabla ya jibu, na sheria ya jimbo kabla ya swali. Na asitumie ombi la pensheni kuthibitisha cheo, mapigano au namna ya kuondoka jeshini mpaka apate waraka wa miaka ya 1861–1865 unaoafiki. Suala hili si la zamani tu: Alabama bado inatoza kodi ya mali iliyokuwa ya pensheni hizi, na sehemu yake sasa inaendesha hifadhi ya kumbukumbu ya Shirikisho mahali palipokuwa makao ya wazee hao. Maadamu fedha za umma zinaendelea kulipia simulizi hii, wanahistoria wana wajibu wa kuisoma fomu iliyoizaa kwa makini kuliko walivyofanya hadi sasa.