Mazoezi ya Misuli ya Kupumulia kwa Wenye Unene Uliokithiri na Maumivu ya Kiuno

Mtu mwenye unene uliokithiri anayeumwa kiuno huambiwa mara nyingi apunguze uzito kwanza. Ushauri huo ni sahihi, lakini humwacha njia panda: ili apunguze uzito yampasa atembee na kufanya mazoezi, na kila akitembea maumivu humzuia na pumzi humwishia. Ipo njia moja inayoweza kumsaidia kuanzia hapo alipo, nayo ni kuizoeza misuli inayovuta pumzi.

Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mzima huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri pale uwiano wa uzito na urefu wake unapofikia 30 au zaidi. Shirika hilo linakadiria kuwa watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Kwa kawaida huelezwa kwamba uzito wa mwili huzielemea pingili za mgongo. Hiyo ni kweli kwa sehemu. Kisichotajwa sana ni kiwambo.

Kiwambo ni msuli mpana wenye umbo la kuba, unaotenganisha kifua na tumbo, na ndio msuli mkuu wa kuvuta pumzi. Nyuzi zake za nyuma zimejishikiza kwenye pingili za juu za kiuno. Kinaposhuka, huongeza mgandamizo ndani ya tumbo. Nao mgandamizo huo, ukizuiwa na misuli ya tumbo na ile ya sakafu ya nyonga, hulikaza tumbo kama mpira uliojazwa upepo na kuupa uti wa mgongo egemeo. Mtu anyanyuapo ndoo ya maji, kiwambo chake hufanya kazi mbili kwa pamoja: kupumua na kukishikilia kiuno.

Kwa mwenye unene uliokithiri, mafuta ya tumboni hukisukuma kiwambo juu, na yale ya kifuani huzifanya mbavu zitanuke kwa shida. Kila pumzi hugharimu nguvu zaidi. Kiwambo kikielemewa, mwili hutanguliza pumzi, na kiuno hupungukiwa na egemeo lake.

Mazoezi yenyewe hufanywa kwa kifaa kidogo cha mkononi chenye vali. Hewa haiingii mpaka mvuto wa pumzi ufikie kiwango kilichowekwa. Kutoa pumzi hakuna kizuizi. Mtaalamu wa fiziotherapia hupima kwanza nguvu ya juu kabisa ya mvuto wa mhusika, kisha huweka kiwango kama asilimia ya nguvu hiyo na kukipandisha kadiri misuli inavyoimarika. Utaratibu uliozoeleka ni pumzi 30, mara 2 kwa siku. Kupuliza puto hakuwezi kuchukua nafasi ya kifaa hicho, kwa kuwa puto huzoeza kutoa pumzi. Kupumua kwa tumbo ukiwa umelala chali hufundisha kukitumia kiwambo vizuri, lakini hakukipi mzigo wa kutosha wa kukiimarisha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2015 utafiti wa wiki 8 uliohusisha watu 28 wenye maumivu ya kiuno. Waliofanya mazoezi kwa asilimia 60 ya nguvu zao walipata nafuu ya maumivu, tofauti na waliofanya kwa asilimia 10. Idadi hiyo ni ndogo, na washiriki hawakuchaguliwa kwa sababu ya unene. Kwa hiyo mazoezi haya yachukuliwe kuwa nyongeza: hayapunguzi uzito, na hayaondoi haja ya kutembea na kuimarisha misuli mingine. Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 unapendekeza mazoezi yaliyopangwa na elimu kwa mgonjwa, na haupendekezi mikanda ya kiuno ambayo wengi huikimbilia.

Aliyewahi kuingiwa na hewa kati ya pafu na ukuta wa kifua, aliyepasuka ngoma ya sikio hivi karibuni, au mwenye pumu isiyodhibitiwa asianze bila ruhusa ya daktari. Kizunguzungu kikitokea, asitishe na kupumzika. Aidha, maumivu ya kiuno yanayoambatana na kushindwa kuzuia haja, ganzi katikati ya mapaja au miguu kuishiwa nguvu yanahitaji kufikishwa hospitalini siku hiyo hiyo.