Siku Yangu Nani Atailipa?

Ndege yetu ilikuwa iondoke JKIA saa kumi na moja alfajiri. Ilipofika saa tano asubuhi bado tulikuwa tumekaa getini, simu zimeisha chaji, watoto wa watu wamelala sakafuni. Kijana wa shirika la ndege alikuwa anapita na vocha: soda moja, sandwichi moja. "Poleni kwa usumbufu," alisema, kila kiti anachofika. Alipomfikia mama mmoja wa Eastleigh, muuza nguo aliyekuwa anaenda Guangzhou kununua mzigo, mama hakuipokea.

"Kijana wangu, mimi sijakuja hapa kwa sandwichi. Nilipanga siku tatu za soko, na moja ndiyo hiyo imeenda. Siku yangu nani atailipa?"

"Mama, tunaomba radhi."

Watu wakacheka, kile kicheko cha kuchoka. Hata mimi, niliyekuwa nimetumwa na ofisi kwenye mkutano wa siku mbili, nilicheka. Kumbe swali lake lina karibu miaka mia, na limefika mahakamani mara nyingi.

Tarehe 12 Oktoba 1929, wajumbe wa serikali kadhaa walitia saini Mkataba wa Warsaw, huko Poland. Biashara ya ndege ilikuwa bado changa, na ajali moja ingeweza kulifilisi shirika. Kwa hivyo mkataba ukawa wa nipe nikupe: abiria hatalazimika kuthibitisha kosa la shirika, nalo shirika litawekewa kikomo cha malipo. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 19, kifupi sana: mchukuzi atawajibika kwa hasara inayotokana na kuchelewa. Kifungu cha 20 kikaacha mlango wa kutokea: shirika likionyesha lilichukua hatua zote za lazima kuzuia hasara, haliwajibiki.

Basi tangu 1929 kuchelewa kulikuwa na jina katika sheria, ila bei hakukuwa nayo. Ilikuwa juu yako kuthibitisha umepoteza nini, tena kwa hesabu. Na ni nani angeenda kortini kwa ajili ya siku moja?

Ralph Nader alienda. Huyu ni wakili wa Marekani aliyekuwa tayari maarufu kwa kuwatetea wanunuzi. Tarehe 28 Aprili 1972 alifika uwanjani Washington akiwa na nafasi iliyothibitishwa kwenye ndege ya Allegheny Airlines, kwenda Hartford kuhutubia mkutano. Akaambiwa viti vimejaa. Ndege ilikuwa na viti 100. Shirika lilikuwa limethibitisha abiria 107. Mashirika yalijitetea kwamba wapo watu wanaobuku na hawatokei, na hilo ni kweli. Shida ni kwamba abiria hawakuwa wameambiwa. Kwa matatu, angalau unaona mwenyewe gari limejaa kabla hujalipa.

Nader alishtaki, akisema alidanganywa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1976 iliamua kwamba madai ya aina hiyo yanaweza kusikilizwa kortini. Mwaka 1978 wasimamizi wa usafiri wa anga nchini humo wakaweka utaratibu ambao hadi leo unauona kwenye filamu: kabla ya kumwacha mtu kwa lazima, shirika litafute kwanza wanaokubali kubaki kwa malipo.

Ulaya ilienda mbali zaidi. Ilianza mwaka 1991 na kanuni ya walionyimwa viti, kisha ikaja Kanuni 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kufanya kazi tarehe 17 Februari 2005. Hapo ndipo muda wa abiria ulipopata bei: euro 250, 400 au 600, kulingana na umbali wa safari. Huulizwi umepoteza nini. Mwanafunzi na mkurugenzi wanalipwa sawa, na pesa ni za aliyesafiri, hata kama tiketi ilinunuliwa na ofisi.

Lakini kanuni hiyo ilikuwa na tundu. Fidia iliandikwa kwa ndege iliyofutwa, si kwa iliyochelewa. Basi kwa mashirika, safari haikufutwa, "imechelewa" tu, hata ikipita siku nzima. Familia moja iliyokuwa inarudi Frankfurt kutoka Toronto mwaka 2005 ilifika takriban saa 25 baada ya wakati, ikakataa maelezo hayo. Tarehe 19 Novemba 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema: anayefika akiwa amechelewa saa 3 au zaidi ana haki ya fidia kama aliyefutiwa safari, isipokuwa chanzo kiwe jambo lisilo la kawaida ambalo shirika lisingeweza kulizuia. Na mwaka mmoja kabla, mahakama hiyo ilikuwa imeamua kwamba ubovu wa mitambo peke yake, kwa kawaida, si kisingizio cha aina hiyo.

Sasa njoo nyumbani. Kanuni ya Ulaya inalinda kila ndege inayoondoka Umoja wa Ulaya, iwe ya nani. Lakini ndege inayotoka nje kwenda huko inalindwa tu ikiwa shirika ni la Ulaya. Chukua Mkenya mwenye tiketi ya Nairobi kwenda Paris na kurudi, kwa shirika la Kiafrika. Akicheleweshwa Paris saa sita kwa kosa la shirika, anaweza kudai euro 600. Akicheleweshwa Nairobi saa hizo hizo sita, kwa shirika lile lile, kanuni hiyo haimjui. Ni mtu yuleyule na muda ni uleule.

Hiyo haimaanishi kwamba huku hatuna kitu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya huduma ya ubora unaofaa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Na Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, uliokuja kuchukua nafasi ya ule wa Warsaw kwa safari za kimataifa. Kifungu chake cha 19 kinasema karibu yaleyale: hasara ya kuchelewa hulipwa, ukiithibitisha, na shirika bado linaweza kujitetea. Kikomo, tangu mwisho wa 2024, ni SDR 6,303 kwa abiria, kwa kipimo cha fedha cha IMF. Hizo ni zaidi ya dola 8,000. Una miaka miwili ya kushtaki.

Na kwa wanaosafiri kikazi, kuna kesi tamu. Idara moja ya serikali ya Lithuania iliwatuma wafanyakazi wawili Baku, Azerbaijan. Ndege ya kati ikachelewa, wakakosa ya kuunganisha, wakafika zaidi ya saa 14 baadaye. Mwajiri akalazimika kuwaongezea posho, kama euro 338 hivi zikijumlishwa na michango ya bima. Ni pesa kidogo, lakini ilizidai. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Ulaya, ikiusoma Mkataba wa Montreal, ilisema mwajiri aliyenunua tiketi naye anaweza kulipwa hasara hiyo.

Kwa hivyo jibu la swali la mama lilikuwepo pale getini. Lilihitaji karatasi: sababu ya kuchelewa kwa maandishi, saa halisi ya kufika, risiti za hoteli aliyolipia bure.

Tulipoitwa kupanda, nilimwona akipiga picha ubao wa ratiba, kisha akamrudia yule kijana wa vocha na kalamu mkononi. "Niandikie hapa kwa nini tumechelewa. Na jina lako." Kijana aliangalia kushoto na kulia, akaandika.

Mimi nilikuwa nimeshakula sandwichi, na risiti ya teksi niliitupa pamoja na karatasi yake.