Sitara ya Nyumbani: Juu ya Kufasiri Maneno ya Kidachi

Mwalimu akaaye Ihanda, katika nchi ya Wanyiha, aijua baridi ya mwezi wa Julai. Jioni watu husogea karibu na moto, na wazee huanza kusimulia habari za kale. Wadachi, yaani Wajerumani, hali hiyo huiita "gemütlich", nalo neno hilo Waingereza hulifasiri "cosy", yaani penye joto na raha. Hapo mfasiri hana taabu kubwa. Taabu yaanza afikapo kwenye maneno yasiyonena raha ya chumba, bali yanena mtu kuwa na watu wake.

Jambo hili lahusu nchi yetu hasa. Wamoravian wa Herrnhut walifika Rungwe mwaka 1891, wakajenga Utengule katika Usafwa mwaka 1895, na Mbozi katika Unyiha mwaka 1899. Kule Mbozi Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha, na Agano Jipya katika lugha hiyo likapigwa chapa mwaka 1913. Kule Usafwa Bibi Elise Kootz-Kretschmer alikusanya habari za watu walioziona siku za vita na utumwa, kama walivyozisimulia wenyewe, akazitoa kwa Kidachi. Baada ya vita vya 1914–1918 nchi ilitawaliwa na Waingereza. Na mwaka 1932 baadhi ya habari hizo zikatoka London kwa Kiingereza, zimefasiriwa na M. Bryan. Mwaka 1993 Marcia Wright alitoa baadhi yake tena katika kitabu chake juu ya watumwa na wanawake. Basi sauti za wazee hao zimevuka mito miwili kabla ya kumfikia msomaji wa Kiingereza, na katika kila mto kitu huweza kuchukuliwa na maji.

Mmoja wa wazee hao ni Bibi Narwimba. Mumewe alipokufa, mwanamke huyu alimwendea mrithi wa marehemu akamwomba amtwae awe mkewe, apate kulindwa. Wako wasomao habari hiyo wakasema: huyu hakuwa na upendo, alifanya hesabu tu. Wengine, hasa sisi walimu, twaona desturi ya kurithi wajane peke yake, tukafunga kitabu. Lakini siku zile mjane asiye na mtu nyuma yake aliweza kukamatwa na kuuzwa, yeye na watoto wake. Alichokitafuta Narwimba kilikuwa kitu gani?

Wadachi wana neno, "Geborgenheit". Hulitumia kwa hali ya mtoto kifuani pa mamaye, au mtu aliye katikati ya jamaa zake asiogope neno lo lote. Mfasiri wa Kiingereza akiandika "warmth", ametaja joto la moyo, akaacha ulinzi. Akiandika "security", ametaja ulinzi, lakini ni ulinzi wa makufuli na askari. Akiandika "shelter", ametupa paa bila watu. Shina la neno hilo ni "bergen", nalo maana yake ni kuokoa, kuficha, kuweka mahali pa salama. Hata mazao yaingizwayo ghalani kabla ya mvua hutajwa kwa neno hilo. Hapo Mswahili hana haja ya kwenda mbali. Anayo "sitara". Nguo ni sitara ya mwili, na mlango ni sitara ya nyumba. Na mtu aliyesitiriwa amefunikwa, amehifadhiwa, wala hakuachwa uchi mbele ya adui. Upendo na ulinzi havikutengwa katika neno hilo. Narwimba alitafuta sitara.

Liko na jambo jingine, dogo kwa macho, kubwa kwa maana. Mdachi asemapo "sie gehört zu uns", asema mwanamke huyu ni mwenzetu. Akiliacha lile neno fupi "zu", asema ni mali yetu. Kiingereza "she belongs to us" chaweza kubeba maana zote mbili. Katika habari za watumwa tofauti hiyo ndiyo tofauti ya mtoto wa nyumba na mtu aliyenunuliwa. Kwa hiyo mfasiri mwema huliacha neno moja kwa neno moja, akaandika kwa urahisi, "she is one of us", nasi twaelewa: ni mwenzetu.

Vivyo hivyo "Heimat". Waingereza husema "home", lakini "home" yaweza kuwa nyumba ya mtu mmoja tu. Sisi twasema "kwetu", na ndani ya neno hilo wamo watu wengi tayari. Mateka aliyetekwa peke yake hakupoteza mahali tu. Alipoteza wale waliomfanya aweze kusema "kwetu".

Basi, ndugu walimu, wazee wanaokumbuka masimulizi ya bibi zao wapungua mwaka kwa mwaka. Tuandikapo habari zao, kwanza tuliandike neno lao wenyewe, kwa Kinyiha au Kisafwa, kisha tulitafutie mwenzake. Wala tusiulize tu kama bibi alipendwa nyumbani mwake. Tuulize pia: ni nani aliyemsitiri? Katika jibu la swali hilo huenda tukauona upendo tuliodhani haukuwapo.