Ndoo Kichwani, Shingo Mashakani: Historia ya Maji Newala na Masasi



Tukitaja maumivu ya shingo, wengi wetu huwaza simu na mto wa kulalia. Leo tupande Uwanda wa Makonde, tuone historia iliyobebwa na shingo za mama zetu.

Masasi ina nasaba na visiwa vyetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipeleka huko watumwa walioachwa huru kutoka Unguja. Mwaka 1882 kijiji kikavamiwa na Wangoni, na baadhi ya watu wakahamia Newala, juu ya uwanda. Huko juu kulikuwa na usalama, lakini maji yalikuwa shida. Udongo wa kichanga hunyonya mvua, na chemchemi hutokea chini mabondeni. Mjerumani Karl Weule, aliyefika mwaka 1906, aliandika jinsi maji yalivyokuwa mbali na makazi ya Wamakonde. Aliyeyafuata ni mwanamke: kata kichwani, mtungi juu ya kata, kisha kupanda mteremko.

Tupige hesabu. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na kichwa chenyewe kina kilo 5 hivi. Yote hubebwa na pingili 7 za shingo. Mzigo hukandamiza pingili na visahani laini vilivyo kati yake, na misuli hukakamaa.

Miaka ya 1950 ulianza mradi wa kupandisha maji ya bomba uwandani, na kuanzia miaka ya 1970 Finland ilisaidia kusambaza maji Mtwara na Lindi. Kila bomba lililotoa maji liliwapunguzia wanawake safari ya bondeni. Lakini mashine ikiharibika, ndoo hurudi kichwani.

Tufanyeje shingo ikiuma? Maumivu mengi hupungua ndani ya wiki chache. Tukande kwa kitambaa cha maji ya moto, tugeuze shingo polepole kulia na kushoto, tusilale kutwa. Ndoo ya 20 tuigawe mara mbili, au ibebwe kwa baiskeli. Tusikubali mtu atuvunje shingo kwa nguvu. Mikono ikifa ganzi, miguu ikilegea, homa ikija na shingo kukakamaa, au maumivu yakianza baada ya kuanguka, twende hospitali siku hiyo hiyo. Masasi kuna Mkomaindo na Ndanda.

Bi Hajar, radhi za Allah ziwe juu yake, alihangaika kutafuta maji baina ya Safa na Marwa, na mpaka leo mahujaji, wanaume kwa wanawake, hufuata nyayo zake. Basi kutafuta maji si kazi ya kudharauliwa, wala si ya mke peke yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwasaidia wakeze kazi za nyumbani.

Bi harusi, unapouliza habari za nyumba unayokwenda, uliza pia maji yako wapi na nani atayachota. Mwili ni amana.

Wabillahi tawfiq.